Ukuta wa Hondohondo

Naikumbuka asubuhi moja ya mvua za vuli, mwanangu, nikiwa juu ya ngazi niliyoiazima kwa fundi wa shule, kisu mkononi, penseli sikioni, na moyo umejaa furaha ya kijinga. Mbele ya pua yangu palikuwa na shina la mgunga mzee, na kwenye shina lile palikuwa na tundu lililozibwa kwa udongo, likaachwa ufa mwembamba ambao hata kidole changu cha shahada kisingepita. Ndani ya tundu hilo alikuwamo ndege. Nami nilikuwa nimepanda kumhesabu.

Ulinijia jana hapa Bomeni, Taveta, na simu yako, ukaniambia wewe na wenzako mmejitolea kuhesabu ndege wanaozaa huko kwenye ziwa la Chala, na kwamba mnaanza wiki ijayo. Nilicheka, ukadhani nawadharau. Hapana. Nilicheka kwa kuwa kazi hiyo naijua, na nilipokuona unavyozungumza haraka haraka, macho yanang'aa, nilijiona mwenyewe. Basi kaa, chai ipo, nikwambie habari ambayo hata mama yako sijapata kumwambia yote.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ndogo upande wa Salaita, shule ya vyumba vitatu na paa la mabati lililopiga kelele mvua ikinyesha hata tukaacha kufundisha, tukaimba. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na baiskeli, na mwandiko mzuri. Usitabasamu. Siku hizo mwandiko mzuri ulikuwa kitu. Watu walitoka mbali kuja kuandikiwa barua, nami nilizichora zile herufi kubwa za mwanzo kwa madaha mpaka mwenye barua akaanza kukohoa. Kaptula yangu nyeupe niliipiga pasi ya makaa asubuhi na jioni. Kiburi nilikuwa nacho, tena cha kuwatosha watu wawili.

Aliyenitia katika mambo ya ndege ni mzee mmoja tuliyemwita Mwalimu Elija, Mtaita wa milimani, mwalimu mstaafu aliyekuwa akikaa Voi. Alikuwa amepewa kadi na watu waliotaka kujua ni ndege gani wanazaa wapi katika nchi hii, naye akawa anasafiri kwa gari la moshi kutoka Voi mpaka Taveta akitafuta vijana wa kumsaidia. Malipo hayakuwapo. Alilisema hilo kabla hata hajaketi, maana hakupenda kumpotezea mtu wakati. Upande wetu palikuwa na haja ya pekee: ilisemekana vichaka vya Salaita vingefyekwa vipandwe mkonge, na Mwalimu Elija alitaka ijulikane kwa maandishi ni miti ipi ina viota, ili walau hiyo aiombee isikatwe.

"Sitaki watu wa mbio," alituambia siku aliyokuja shuleni kwetu. "Nataka watu wa macho. Ona, andika, ondoka. Usichokiona, acha mahali pake patupu."

Nilitikisa kichwa kukubali, na maneno yakapita. Macho yangu yalikuwa kwenye kadi. Zilikuwa kadi nzuri, ngumu, zimepigwa mistari, maneno yake ya Kiingereza, na juu ya kila neno Mwalimu Elija ameandika Kiswahili kwa penseli: jina la ndege, mti, urefu kutoka chini, idadi ya mayai, idadi ya makinda. Visanduku vitano, kila kimoja kinangoja mwandiko wangu. Nikachukua kadi ishirini, wenzangu wakachukua tano tano.

Nakwambia kweli, mwanangu, asubuhi zile ndizo nzuri kuliko zote nilizopewa duniani. Nilitoka nyumbani jua halijachomoza, nikasukuma baiskeli vichakani, umande ukalowesha soksi zangu mpaka magotini. Kilimanjaro ilikuwa wazi saa moja hivi, kisha ikajifunika mawingu na kukaa hivyo kutwa. Nilisikia kanga wakigombana, kwale wakiitana, na mara mbili kwa wiki gari la moshi likija kutoka Maktau, linahema. Nilimtazama mnana dume akisuka kiota chake, jike akaja, akakikagua, akakikataa, na yule maskini akakifumua akaanza upya. Nilimwonea huruma sana kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeoa karibuni.

Ndiyo, nilikuwa nimeoa. Bibi yako Zaituni, Mungu amrehemu, ndiyo kwanza alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, na mtoto huyo ndiye mama yako. Wajua desturi ya nyumba yetu: mzazi hukaa ndani siku arobaini. Mama yangu, Bi Mwanaidi, alikuwa mkunga, na mlango wa chumba cha mzazi aliushika yeye. Mimi baba mtu nilibisha hodi kama mgeni. Nikileta kuni, zapokewa mlangoni. Nikileta ndizi na maziwa, yapokewa mlangoni. Mtoto nikaonyeshwa kidogo, amefungwa kitambaa mpaka masikioni, kisha nikaambiwa haya, inatosha, nenda zako. Nilinung'unika sana siku zile. Nikajiambia afadhali hawa ndege, wanatazamika.

Kiota cha hondohondo nilikigundua kwa kumfuata dume. Unamjua hondohondo wa kwetu, yule mwenye mdomo mkubwa mwekundu wenye ncha nyeupe, na sauti ya kugongagonga. Niliona dume mmoja kila asubuhi akipita na panzi mdomoni, wala hamli. Nikamfuata siku tatu mpaka kwenye ule mgunga. Akatua penye tundu lililozibwa, akainamisha kichwa, na kutoka katika ufa ikachomoza ncha ya mdomo mweusi wa jike, ikapokea yule panzi, ikarudi ndani.

Hapo ndipo nilipojua habari ambayo wafugaji walikuwa wakiijua siku zote. Jike wa hondohondo akitaka kutaga huingia tunduni, akajiziba kwa udongo na mavi yake mwenyewe, akaacha ufa wa kulishwa tu. Humo ndani manyoya yake ya mabawa humtoka, hata akitaka kuruka hawezi. Dume ndiye mikono yake na miguu yake. Asipokuja, basi tena.

Nilimtazama dume yule kwa siku nyingi, nimekaa nyuma ya kichaka cha mkwaju mchanga. Alileta panzi, akaleta mijusi, akaleta matunda madogo mekundu, hata mara moja akaleta ua, sijui la nini. Nilimpenda yule ndege. Nalisema hivyo hivyo, nilimpenda. Nikaandika kwenye kadi jina la ndege, nikaandika mti, nikaandika urefu. Kisha nikafika kwenye idadi ya mayai, nikakwama. Kutoka pale nilipokaa sikuweza kuona yai wala kinda. Kadi zangu nyingine zote zilikuwa zimejaa. Hii moja ikabaki na mashimo mawili.

Mwisho wa mwezi Mwalimu Elija alituita Voi, nyumbani kwake, tuzipitie kadi pamoja. Tulikuwa vijana kama kumi, kutoka Mwatate, Bura, Maktau na kwingineko. Tulizitandaza juu ya meza, na Mwalimu Elija akaingia jikoni kututazamia chai. Kijana mmoja wa Mwatate, mwalimu kama mimi, aliyevaa tai siku ya Jumamosi, akaiokota kadi yangu ya hondohondo.

"Mwalimu Athumani," akasema, "huyu ndege wako ana mayai mangapi?"

"Sijui. Amejifungia ndani."

"Basi wewe hukuhesabu ndege. Umehesabu mti."

Wote wakacheka, nami nikacheka nao, na ndani nikaungua. Laiti Mwalimu Elija angekuwapo angesema neno, lakini alikuwa jikoni na masufuria yake. Alipotoka na chai mambo yalikuwa yamekwisha, watu wanazungumza mengine. Nilikunywa chai ile bila kujua kama ina sukari. Njia nzima ya kurudi nilitazama nje ya dirisha la gari la moshi, sikuona kitu isipokuwa vile visanduku viwili vitupu katika mwandiko wangu mzuri.

Ndiyo maana ukanikuta Jumatatu juu ya ngazi.

Nilimngoja dume aje alishe, aende. Kisha nikapanda. Udongo ule ulikuwa mgumu kuliko nilivyodhani, nikauchokonoa kwa ncha ya kisu, ukatoka vipande vipande, ukaanguka chini. Ndani nikasikia mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa ndege yeyote, mlio wa kukwaruza, wa mtu anayefukuza mwizi ilhali hana fimbo. Nikapanua tundu mpaka kiganja changu kikapita. Nikachungulia.

Alikuwa amejibana ukutani. Hakuwa yule ndege mzuri unayemwona akiruka. Mabawa yalikuwa vigutu, mkia haupo, ameinua kichwa amepanua mdomo. Nikatia mkono kumsogeza kidogo, akanishika kidole hiki hapa, kovu lake unaliona, akang'ang'ania mpaka damu ikatoka. Lakini nilikwisha kuona. Makinda wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo sana, na yai moja. Nikashuka, nikakalia ngazi, nikaandika: yai moja, makinda wawili. Niliiandika namba moja kwa madaha. Damu ikadondoka kwenye pembe ya kadi, nikaifuta.

Kisha dume akaja.

Alikuwa na mjusi mdomoni. Akaliendea tundu kama kawaida yake, akafika karibu, akaona. Akageuka hewani. Akatua mti wa pili, akatazama, akalia ile sauti ya kugonga, akarudi, akageuka tena. Kutoka ndani jike akawa anaita. Dume hakutua. Nikajificha kwenye mkwaju wangu nikidhani ananiogopa mimi, nikangoja mpaka wakati wa kengele ya shule ukapita. Yule ndege alikaa kwenye tawi lake na mjusi wake mdomoni, wala hakumla, wala hakumpeleka.

Siku ile nilifundisha hesabu za kutoa, na mara tatu wanafunzi walinisahihisha. Saa nane nilikuwa chini ya mgunga tena. Jua lilikuwa kali na lile tundu lilitazama magharibi, mwanga wote ukaingia ndani. Sisimizi walikwisha kuanza kupanda shina. Nikakanda udongo kwa maji ya chupa yangu, nikapanda nikauziba mwenyewe kwa vidole, vizuri kabisa, nikauacha ufa. Sikukaa hata robo saa, ukakauka, ukapasuka, ukaanguka wote. Nikarudia, ukaanguka. Dume alikuwa mbali akiniona natoka na kuingia mlangoni kwake.

Nilifika nyumbani na kidole kimevimba. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Akaniuliza nimefanyaje, nikamweleza, na aibu yangu ni kwamba nilianza kwa kujisifu. Nilimwambia nimeona kitu ambacho hakuna mwalimu wa Mwatate wala wa Bura aliyekiona. Nilipofika mahali pa dume kukataa kutua, niliacha kujisifu.

Mama akauweka ungo chini. Kisha akauelekeza mkono wake kwenye mlango wa chumba cha Zaituni.

"Mkeo yuko ndani siku ya ngapi leo?"

"Ya kumi na tisa, Mama."

"Kuna mtu amekuja na kisu akaubomoa mlango huu amhesabie mtoto?"

Nikakitazama kidole changu.

"Nakuuliza, Athumani. Ungemwacha mtu amwone mkeo vile, hajajiweza, hana nguo, damu hazijakauka, ati apate cha kuandika?"

"La, Mama."

"Wadhani mimi nakuzuia mlangoni kwa kukuchukia? Waona uchungu nisipokufungulia. Mimi nimezalisha wanawake miaka mingi, na niliowapoteza nawajua kwa majina. Wengi hawakufa siku ya kuzaa. Walikufa baadaye, kwa watu waliokuja kuwatazama." Akaokota ungo wake. "Mwana wangu, kuna kitu ki hai kwa sababu kimefungwa. Ukikifungua ukione, hukioni kile tena. Waona kingine, kinachokufa."

Nililia, mwanangu. Mtu mzima na ndevu zangu, mwalimu wa watu, nililia pale barazani, na kutoka chumbani Zaituni akauliza kuna nini, Mama akamwambia hakuna kitu, lala.

Kisha akanipa kazi, maana Mama hakuwa mtu wa kukukemea akakuacha hivyo. Akaniambia nichukue debe la maji, nikaloweshe ardhi chini ya mti ule iwe tope, ili wakitaka udongo waupate karibu. Akanipa majivu nizungushe shinani kuwazuia sisimizi. Ngazi niiondoe. Na nikishamaliza, niondoke kabisa, nisijifiche kichakani, maana ndege anakiona kichaka kinachopumua. "Mwanamume yule akuone unakwenda," alisema. "Akuone mgongo."

Nikafanya kama alivyosema, jua likiwa bado liko juu ya milima ya Pare. Nikaondoka nimempa mgongo.

Siku tatu sikuusogelea mti ule. Nilikaa juu ya mteremko wa Salaita asubuhi na alasiri, mahali ambapo mgunga ulionekana mdogo kama uyoga, na nikatazama. Siku ya kwanza sikuona kitu. Niliomba dua ambazo nilikuwa sijaziomba hata mke wangu alipokuwa katika uchungu, na jambo hilo lilinitia aibu vilevile. Siku ya pili, saa moja hivi, nikaona kitu cheusi na cheupe kikiupita mti, kikarudi, kikatua. Kikatulia hapo kitambo. Siku ya tatu akawa anakwenda na kurudi, mara mdomoni ana chakula, mara anashuka chini penye tope. Nilitaka kukimbia nikaone. Nikaishika miguu yangu kwa mikono, hivi, nikakaa.

Baada ya wiki nilipita pale na baiskeli, sikusimama. Ukuta ulikuwapo. Mbaya, wa mabonge mabonge, nusu udongo na nusu uchafu, lakini ulikuwapo, na ufa ulikuwapo, na ncha ya mdomo mweusi.

Jike alitoka siku chache kabla ya bibi yako kutimiza arobaini yake, mabawa mapya, anapepesuka. Makinda wakajiziba wenyewe humo ndani, ajabu hiyo nayo niliiona kwa mbali, na wazazi wote wawili wakawa wanalisha. Nilihesabu siku. Asubuhi moja ukuta ukapasuka kutoka ndani, na akatoka kinda mmoja, akakaa kwenye tawi akitazama dunia kwa mshangao. Nikamngoja wa pili. Nilimngoja siku hiyo, na ya pili yake, na ya tatu. Hakutoka mwingine.

Kadi ilikuwa bado mfukoni mwangu. Yai moja, makinda wawili, na ile damu pembeni. Ningeweza kuipeleka hivyo hivyo, ingekuwa kadi nzuri kuliko zote Voi. Ningeweza pia kuichana nikaandika nyingine yenye visanduku viwili vitupu, nikarudi kuwa mwalimu asiyejua, na hakuna ambaye angejua. Niliyafikiria yote mawili, sikufichi. Mwisho nikaigeuza, na nyuma yake nikaandika kwa herufi ndogo, bila madaha: Nilibomoa ukuta kwa kisu ili nihesabu. Dume hakulisha siku nzima au zaidi. Ukuta umejengwa tena. Ametoka kinda mmoja. Mwingine hakuonekana. Nikatia sahihi yangu.

Mwalimu Elija aliisoma amesimama, mlangoni kwake Voi, kofia yake ingali kichwani. Alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma, akageuza tena. Nikamwambia, "Mwalimu, nimemuua yule mdogo."

"Hujui hilo," akasema.

"Ni mimi."

"Nasema hujui. Hawa ndege mara nyingi mdogo hufa hata bila mtu kumgusa, wakubwa wanamshinda chakula. Pengine angekufa. Pengine angekuwa anaruka sasa. Hujui, na mimi sijui, na hakuna wa kumuuliza." Akaivua kofia. "Huo ndio mzigo uliojichukulia, Athumani. Siwezi kukutua."

Kisha akaninyang'anya kadi. Zote zilizobaki. Akasema msimu huu kwangu umekwisha, nikafundishe watoto. Sikubisha. Lakini ile moja hakuirarua. Aliiweka juu ya nyingine zote, na baadaye nikasikia kwamba alipokwenda kuombea ile miti, waliomsikiliza walimuuliza watajuaje kama vijana wake hawakutunga tu, naye akawaonyesha upande wa nyuma wa kadi yangu. Vichaka vingi vilifyekwa hata hivyo. Miti michache mikubwa ikaachwa, na ule mgunga ukawa mmoja wake kwa miaka kadhaa. Vuli iliyofuata Mwalimu Elija alishuka stesheni ya Taveta na kadi tano mkononi. Tano tu, si ishirini. Nilizipokea kwa mikono miwili.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo. Nimefundisha, nimezeeka, nimewazika niliowapenda. Na bado kuna asubuhi, nikinawa uso, yule kinda mdogo hunijia, na swali lake. Nilibomoa ukuta ule nipate kujua, na nilichokipata ni jambo moja ambalo sitalijua mpaka naingia kaburini.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, uichukue uende nayo Chala. Ukiona kiota, kione kutoka pale ambapo mwenyewe hajakuogopa, na ukishaona, ondoka, akuone mgongo. Wenzako watakuonyesha picha walizopiga karibu mpaka unahesabu kope. Waache, hata wakikucheka. Penye kisanduku usichokijua andika hujui, uandike kwa mwandiko wako mzuri kabisa, maana neno hilo nalo ni kazi iliyofanywa. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, usiichane kadi. Geuza nyuma uandike ulichofanya, utie na jina lako. Wala jambo hili si la ndege peke yake. Kuna watu utakaowapenda ambao wamejifungia kwa muda, kwa uchungu, au kwa sababu wanakua. Wapelekee chakula mlangoni, na usidai kuona.

Mungu akupe macho yanayoona mbali na mkono unaojua kungoja. Akupe mtu wa kukukemea angali anakupenda, kama alivyonipa mimi. Njia yako ya Chala iwe na umande, na kila ulichokiacha salama kiruke mbele ya macho yako ungali hai wa kukitazama. Haya, chai yako imepoa. Nenda ukalale mapema, ndege hawamngoji mtu.